Kompyuta na Uongo: Je, Mashine Inaweza Kumjua Muongo kwa Kumtazama Uso?



Suali hili nimeulizwa hapa Maskati mara tatu katika muda mfupi. Wa kwanza alikuwa ndugu yetu mmoja wa Al Khoudh anayesafiri sana Ulaya, aliyesikia kuwa kule mipakani wamejaribu kuweka askari wa kompyuta anayemuhoji msafiri na kumwambia kama anasema kweli. Wa pili ni kijana anayetafuta kazi, na khabari yake nitaieleza mbele. Wa tatu ni mzee wetu mmoja tunayekutana naye Ruwi baada ya Isha, ambaye alisikiliza mazungumzo yote kimya halafu akasema, "Jamani, tangu lini chuma kikawa na firasa?"

Watu walicheka, lakini mimi naona mzee kagusa penyewe.

Jibu langu, kwa mtu aliyefanya kazi na kompyuta miaka mingi, ni hili: kompyuta inaweza kuuona uso wa mtu vizuri kuliko sisi, lakini uongo haiuoni, kwa sababu uongo hauna alama yake peke yake mwilini. Inachokiona ni khofu, wasiwasi, haya, na taabu ya kutafuta maneno. Na hivyo vyote mkweli naye anavyo. Tena wanaoumia zaidi ni watu kama sisi, tuliolelewa kwa adabu ambayo mashine haikufunzwa.

Tuanze mbali kidogo, maana jambo lenyewe si jipya hata kidogo. Lugha yetu inasema "kula" kiapo, na si bure. Zamani mshukiwa alikuwa akilishwa kitu kweli. Bara Hindi walikuwa wakimpa mchele mkavu autafune, akiutema mkavu basi ndiye mwizi. Mantiki yake unaiona: mwenye khofu mate humkauka. Lakini hebu fikiria mtu ambaye hakuiba chochote, na anajua kuwa mchele ukitoka mkavu atakatwa mkono. Mate atayapata wapi?

Kuna kisa kingine kizuri zaidi, kakisimulia Nidhami Arudhi katika kitabu chake Chahar Maqala cha karne ya 12. Ibn Sina aliitwa kumtibu kijana mgonjwa wa ukoo wa mtawala wa Jurjan ambaye matabibu wote wamemshindwa. Akamshika mkono kwenye mshipa, akaomba mtu anayeujua mji aanze kutaja mitaa mmoja mmoja. Ulipotajwa mtaa fulani mshipa ukaruka. Zikatajwa njia za mtaa ule, kisha nyumba, kisha watu wa nyumba ile, mpaka likafika jina moja na mshipa ukaruka tena. Ibn Sina akasema, huyu haumwi, huyu anampenda fulani. Tazameni alichokifanya na alichokiacha. Hakumuuliza kijana "unasema kweli au uongo?" Alilinganisha mshipa wa mtu yule yule kwa maneno mbali mbali, akajua neno lipi linamgusa. Kisa hiki kiwekeni akilini, tutakirudia.

Mwaka 1921 John Larson, aliyekuwa polisi wa Berkeley huko California, alitengeneza chombo kinachopima presha ya damu na pumzi kwa pamoja wakati mtu anaulizwa masuali. Hiyo ndiyo poligrafu, ile mashine ya waya tunayoiona katika filamu. Imeishi miaka mia na zaidi, na Wamarekani wenyewe wameichunguza sana. Mwaka 2003 Baraza lao la Taifa la Utafiti lilitoa ripoti ndefu ikisema haifai kutegemewa kuwachuja wafanyakazi wa serikali ili kuwapata majasusi. Sababu ni ile ile ya mchele: chombo kinapima mshtuko, na mshtuko una baba wengi.

Basi watu wakasema, tuache waya, tutazame uso. Hapa aliyejulikana zaidi ni mwanasaikolojia Paul Ekman. Yeye na mwenzake Friesen walichapisha mwaka 1978 utaratibu wa kuandika kila msogeo wa misuli ya uso, na kazi hiyo ni kubwa, mpaka leo inatumika. Lakini Ekman alisema pia kuwa hisia anayoificha mtu huchomoza usoni kwa kipande cha sekunde, kisha inazama. Ikatoka hata tamthilia ya televisheni juu ya jambo hilo mwaka 2009, Lie to Me, na watu wengi wanadhani ile ni elimu iliyokwisha thibiti. Serikali ya Marekani nayo ilianza mwaka 2007 kuweka maafisa viwanja vya ndege wawatazame wasafiri nyuso na mienendo. Zikatumika kiasi cha dola milioni 900. Mwaka 2013 wakaguzi wa serikali yao hiyo hiyo wakasema ushahidi kuwa ishara hizo zinamtambulisha mtu wa khatari haupo, na wakapendekeza fedha zipunguzwe.

Na sisi binadamu je, bila ya mashine? Mwaka 2006 Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya tafiti zilizofanywa juu ya watu zaidi ya 24,000 waliotakiwa kubagua kweli na uongo. Walipatia asilimia 54. Ukirusha sarafu utapata 50. Kwa hivyo yule anayejidai "mimi mtu akinidanganya namjua tu", mwacheni ajisifu.

Sasa kompyuta inafanyaje? Nieleze bila ya kuzungusha. Kamera inachukua picha nyingi kila sekunde, tuseme 25 au 30. Programu inautafuta uso katika kila picha, kisha macho, nyusi, mdomo, na kichwa kimeelekea wapi. Kila kitu kinageuzwa namba: jicho la kushoto limefumba kiasi gani, kichwa kimeinama kiasi gani, rangi ya shavu imebadilika au la. Mpaka hapa hakuna ubishi, kompyuta inaifanya kazi hiyo vizuri na haichoki. Halafu namba hizo zinapelekwa kwa programu nyingine inayojifunza kwa mifano. Unaipa video nyingi, kila moja umeibandika kibandiko: huyu mkweli, huyu muongo. Inatafuta wenyewe wanatofautiana wapi. Baadaye ukiipa uso mpya inakwambia unafanana zaidi na kundi gani.

Kwa hivyo mashine haijui uongo ni nini. Inajua vibandiko tu. Suali la maana ni moja: nani alibandika, na alijuaje?

Mfano ulio karibu nasi ni chombo kinachoitwa Silent Talker, kilichotengenezwa Manchester Metropolitan University, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wengi wetu hatujui kuwa ndugu yake mmoja alifika Afrika Mashariki. Watafiti wa Manchester, pamoja na shirika la Family Health International, waliwarikodi wanawake 80 huko Mwanza, Tanzania. Hapo hawakutafuta uongo. Wanawake walifanyiwa mahojiano ya kuigiza juu ya kujiunga na majaribio ya kinga ya UKIMWI, na kompyuta ikatazama nyuso zao ijue nani amefahamu alichoelezwa na nani hakufahamu. Matokeo yakachapishwa mwaka 2012. Nia ilikuwa njema, maana sote tunajua mama anavyoweza kumuitikia daktari "ndio, ndio" na kutia saini kitu ambacho hakikumuingia. Na kwa insafu, mashine ile ilifunzwa kwa nyuso za wanawake hao hao wa Mwanza, si za Wazungu. Lakini mimi bado najiuliza: mama aliyeinamisha macho mbele ya daktari, hakufahamu au anamheshimu?

Kutoka hapo chombo kikapanda cheo. Umoja wa Ulaya ulitoa euro milioni 4.5 kwa mradi wa iBorderCtrl, uliokwenda tangu 2016 mpaka 2019, na majaribio yake yakapangwa Hungary, Latvia na Ugiriki. Msafiri alikuwa akae nyumbani kwake mbele ya kompyuta yenye kamera, atokee askari wa kuchorwa amuulize: jina lako nani, sandukuni mna nini, nikifungua nitaona ulichonambia? Silent Talker inatazama ishara ndogondogo za uso, 38 kwa hesabu yao, inatoa alama. Hukumu ya mwisho ingebaki kwa askari wa kweli, lakini alama zako zingekutangulia mpakani.

Majaribio ya mwanzo yalifanywa kwa watu 32. Thelathini na wawili tu, jamani! Wengine walipewa vitu vya kawaida wavitie mkobani, wengine vitu visivyofaa, wakaambiwa waigize. Mashine ikapatia kiasi cha asilimia 75. Yaani ilifunzwa kwa mtu anayejifanya muongo kwa sababu kaambiwa ajifanye, ambaye akishindwa hakuna litakalompata, kisha itumike kwa mkimbizi ambaye akikataliwa hana pa kurudi. Hofu ya huyu na mchezo wa yule vinafanana wapi?

Na hata hiyo asilimia 75 tuipigie hesabu, maana hapa ndipo watu wanapodanganyika. Chukua wasafiri 10,000. Tuseme kati yao waongo ni 20 (mimi nawadhania watu kheri). Mashine itawakamata 15 na kuwapitisha watano. Wakweli wamebaki 9,980, na mashine inakosea robo, kwa hivyo watu 2,495 wasio na kosa wataambiwa waongo. Waliosimamishwa kwa jumla ni 2,510, na waongo wa kweli kati yao 15. Katika kila watu 167 waliotolewa kwenye foleni, mmoja ndiye aliyestahiki. Mwandishi wa gazeti la mtandaoni la The Intercept alijaribu chombo hicho mwaka 2019 kwenye mpaka wa Serbia na Hungary. Alijibu masuali 16 kwa ukweli mtupu. Mashine ikamwambia manne kadanganya.

Aliyekuwa mbunge wa Bunge la Ulaya, Patrick Breyer wa Ujerumani, alikwenda mahkamani kutaka karatasi za mradi zitolewe hadharani. Mwezi wa Disemba 2021 alipewa sehemu tu, na rufaa yake ikashindwa mwaka 2023. Fedha za umma, lakini siri ya biashara.

Sasa nije kwenye lililonikaa moyoni, nalo ni macho. Mwaka 2006 kundi kubwa la watafiti waliwauliza watu wa nchi nyingi duniani: muongo unamjuaje? Jibu lililoongoza lilikuwa lile lile kila pahala: hakutazami machoni. Dunia nzima inaamini hivyo, na dunia nzima imekosea. Mwaka 2015 Rada Mihalcea na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walichukua vipande vya video kiasi cha 120, vingi vikiwa vya kesi za kweli, vya watu ambao baadaye ilijulikana nani alidanganya. Wakaona waongo walikuwa wakimkazia muulizaji macho zaidi ya wakweli, wastani wa 70 kwa 60 katika mia. Bila shaka, kwani muongo naye anajua watu wanaamini nini!

Sisi tumelelewa vipi? Mtoto wa Unguja, wa Pemba, wa Mombasa, akisemeshwa na mkubwa anainamisha macho. Anayemkodolea mzee macho tunamwambia ana macho makavu, na hiyo si sifa. Mwanamke na mwanamme wasio maharimu wameamrishwa kuinamisha macho. Hayo ndiyo tuliyoyanyonya. Mtie mtu wa namna hiyo mbele ya kamera iliyofunzwa kuwa mkweli ni yule anayekutumbulia macho, atasomwaje? Lisa Feldman Barrett na wenzake walipitia maandiko zaidi ya 1,000 wakachapisha mwaka 2019: hata hasira, ambayo tunadhani kila mtu anaikunjia uso, watu huikunjia uso chini ya mara 30 katika mia. Kama hasira haina uso mmoja, uongo utakuwa nao?

Halafu kuna lugha. Wazee wetu waliorudi Oman miaka ya sabini, wengi wao Kiarabu kilikuwa cha chuoni, cha kusomea Qur'ani. Cha ofisini hawakuwa nacho. Mtu anaulizwa kwa Kiarabu, anatafsiri kichwani kwa Kiswahili, anatafuta jibu, analirudisha kwa Kiarabu, na huku anaogopa kukosea jinsia ya neno. Anasita, anatazama juu, anajilamba midomo. Mimi nimewaona kwa macho yangu wakisita hivyo kwa kutaja jina la mtaa waliozaliwa! Kusita ndiyo ishara ambayo hivi vyombo vinaipenda, kwa nadharia kuwa muongo anatunga na kutunga kunachukua muda. Kutafsiri nako kunachukua muda. Mswahili wa Leicester au Toronto yumo katika hali hiyo hiyo kila anapokaa mbele ya afisa.

Sasa nirudi kwa mzee wetu na firasa. Wanazuoni wetu hawakuipuuza. Iyas bin Muawiya, kadhi wa Basra katika karne ya pili ya Hijra, alikuwa mashuhuri kwa hiyo, na Ibn al-Qayyim kaandika kwa urefu katika at-Turuq al-Hukmiyya namna kadhi anavyoweza kuzifuata dalili na alama. Lakini someni visa vyenyewe. Kadhi anaona jambo, linamfanya aulize suali la pili la kijanja, na lile suali ndilo linaloutoa ukweli. Bado mdai anatakiwa ushahidi na anayekanusha anatakiwa kiapo. Tena kadhi mwenye firasa ukiona kakudhulumu unaweza kumuuliza, "umeonaje?" Mashine ya vibandiko hata mtengenezaji wake mara nyingi hawezi kukwambia kwa nini imekupa alama hiyo.

Na kumbukeni mshipa wa Ibn Sina. Ipo njia inayofanana na yake, aliyoitoa David Lykken huko Marekani mwaka 1959, na polisi wa Japani wanaitumia sana. Hawamuulizi mshukiwa "umeua?" Wanamtajia vitu kadhaa: kisu, kamba, nyundo, bastola. Asiyehusika kwake vyote ni sawa sawa. Aliyekuwepo, mwili wake utashtuka penye chombo kilichotumika. Hapo kinachopimwa ni kama mtu analijua jambo, na mizani yake ni mtu huyo huyo na maneno mengine, wala si uso wa Mzungu wa Manchester. Ina kasoro zake, inataka siri ya kesi isivuje, na haifai kwa foleni ya wasafiri ambao huna unalolijua juu yao. Lakini ina msingi wa elimu, na ndiyo maana naitofautisha.

Sasa kijana. Aliomba kazi katika kampuni moja hapa mjini, sitaitaja. Akapelekewa masuali ajibu peke yake mbele ya simu, hakuna mtu upande wa pili. Baada ya siku mbili akapata barua ya kukataliwa. Alikuja akaniuliza, "Ami, nani alinitazama?" Sikuweza kumjibu, na kampuni nayo haikumjibu. Naweza kusema tu kuwa kampuni ya Kimarekani ya HireVue, maarufu kwa mahojiano ya namna hii, ilikuwa ikiwapa watu alama kwa nyuso zao, ikashitakiwa mwaka 2019 kwa wakala wa biashara wa serikali yao, na Januari 2021 ikatangaza kuwa imeacha kuchambua nyuso. Ilisema yenyewe kuwa uso hauongezi faida ya maana juu ya maneno anayosema mtu. Kampuni nyengine ndogo ndogo zinazouza programu kama hizo bado zipo.

Sheria zimeanza kuamka. Ulaya, tangu tarehe 2 Februari 2025, imepigwa marufuku kutumia kompyuta kusoma hisia za watu kazini na maskulini, isipokuwa kwa sababu ya matibabu au usalama. Ajabu ni kuwa mpakani haikupigwa marufuku. Vyombo vya kupima uongo kwa wahamiaji na wakimbizi vimewekwa katika daraja la "khatari kubwa", yaani vinaruhusiwa kwa masharti. Mwanafunzi na karani wamelindwa, mkimbizi kaachiwa masharti. Hapa kwetu ipo Sheria ya Kulinda Taarifa za Binafsi, Amri ya Sultani namba 6 ya 2022, iliyoanza kazi Februari 2023. Mambo ya usalama wa taifa hayamo ndani yake. Lakini kampuni ya kawaida inatakiwa ipate ridhaa yako ya wazi kabla ya kuzifanyia kazi taarifa zako, na taarifa za kimwili zinazomtambulisha mtu zinahitaji pia kibali cha wizara. Kwa hivyo kijana akitakiwa video, aulize kwa maandishi mambo matatu kabla hajabonyeza kitufe: itatazamwa na mtu au na programu, uso wangu utapewa alama au maneno yangu tu, na video itakaa kwenu muda gani. Yule wetu wa kwanza safari hii kaandika. Anangoja jibu.

Wasalaam,
Maskati